UZI: Linus Torvalds anashinda akifanya nini kazini, na kwa nini anatengeneza pedali za gitaa wakati gitaa lenyewe halipigi?

#1 (Mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Vijana wengi humu wanaoanza kujifunza programu wanamchora Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, kama mtu anayekesha na kahawa, anabonyeza kibodi mpaka kunakucha. Uzi huu ni wa kueleza maisha yake ya kazi yalivyo, kwa kadiri alivyoyasimulia mwenyewe kwenye mahojiano na kwenye matangazo ya matoleo yake, halafu tuingie kwenye anayoyapenda nje ya kazi. Msimamo wangu nautanguliza: huyu bwana alianzisha mchezo, mchezo ukageuka ofisi ya kusoma barua, na tangu hapo kila akianzisha mchezo mwingine anahakikisha anaukabidhi kwa mtu kabla haujawa ofisi nyingine. Anayebisha abishe kwa hoja.

Tuanzie nyuma kidogo. Linus alizaliwa Helsinki, Ufini, Desemba 1969, katika jamii ya Wafini wanaozungumza Kiswidi. Kompyuta aliyoanzia ni Commodore VIC-20 ya babu yake mzaa mama, profesa wa takwimu. Januari 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alichukua kompyuta yenye chipu ya Intel 386, tena kwa kulipa kidogo kidogo. Shida yake ilikuwa ndogo: alitaka programu ya kumuunganisha na kompyuta ya chuo kwa laini ya simu akiwa nyumbani. Akaiandika. Kisha akataka kupakua mafaili na kuyahifadhi, ikabidi aandike sehemu ya kuongea na diski. Kisha mfumo wa mafaili. Alipokuja kushtuka, alichonacho mkononi ni mfumo endeshi, ndio huo Linux.

Agosti 25, 1991 akawaandikia watumiaji wa Minix, mfumo endeshi mdogo wa kufundishia, kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa bure, wa kujifurahisha tu, na hautakuwa kitu kikubwa. Toleo 0.01 lililotoka Septemba hiyo lilikuwa na mistari kama elfu kumi. Leo kerneli, yaani kile kiini cha mfumo, ina mistari inayozidi milioni 30 na iko ndani ya kila simu ya Android, ikiwemo hiyo Tecno unayosomea hapa. Orodha ya kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani imejaa Linux tupu tangu Novemba 2017. Watu walipotaka kumtumia hela siku za mwanzo, aliwaambia wamtumie kadi za posta.

Sasa siku yake ya kazi. Anafanyia nyumbani, eneo la Portland, jimbo la Oregon, Marekani, na anayemlipa ni Linux Foundation, taasisi inayofadhili kazi ya Linux. Ofisi aliyoionyesha kwenye mahojiano ya TED mwaka 2016 ina kuta za kijani hafifu, hakuna vikorokoro, na dawati limewekwa juu ya mashine ya mazoezi ili atembee taratibu huku anasoma. Kompyuta yake hataki isikike. Alisema anapenda kumsikia paka anavyokoroma, si feni.

Ratiba inazunguka kwa wiki tisa au kumi. Toleo jipya likitoka, kwa kawaida Jumapili, dirisha linafunguliwa kwa wiki mbili. Ndani ya wiki hizo wasimamizi wa kila idara, wa mtandao, wa mafaili, wa kadi za picha, wanamletea viraka, yaani vipande vya mabadiliko ya msimbo, walivyokusanya kwa wachangiaji wao. Anavuta mzigo, anasoma maelezo, anatatua pale viraka viwili vinapogongana, anajenga kerneli aone kama inasimama, anavuta mzigo mwingine. Dirisha likifungwa hakiingii kitu kipya, ni kurekebisha hitilafu tu, na kila Jumapili anatoa toleo la majaribio: rc1, rc2, mpaka rc7, au rc8 hali ikiwa tete. Kisha toleo kamili, na mzunguko unaanza upya. Amekuwa akiishi hivyo kwa miaka chungu nzima. Hata safari zake anazipanga akiangalia dirisha liko wapi.

Kila toleo hubeba zaidi ya mabadiliko elfu kumi, ya watu wapatao elfu mbili. Hayasomi yote, hayasomeki. Anachofanya ni kuwajua wasimamizi wake: nani akileta mzigo unavutwa bila maswali, nani lazima apekuliwe. Ameshasema hadharani kwamba siku hizi haandiki msimbo, anasoma barua pepe na kuandika barua pepe, na kazi yake hasa ni kusema hapana. Akiandika msimbo ni vimistari vichache ndani ya barua, na anaonya kabisa kwamba hajavijaribu.

Halafu kuna sheria moja haipindishwi: programu iliyokuwa ikifanya kazi kwenye kerneli ya jana lazima ifanye kazi kwenye ya leo. Ukimletea kiraka kinachovunja programu za watu ukasema "kosa ni la programu yao", hapo ndipo alikuwa anawaka moto.

Naendelea hapo chini na mambo ya mbizi na gitaa. Msinikatishe.

#2

Siti ya mbele kabisa. Shusha nondo mkuu.

#3 (Mleta uzi)

Twende kazi.

Mwaka 2005. Watu wa kerneli walikuwa wanatumia BitKeeper kutunza msimbo, programu ya kampuni iliyokuwa imewaruhusu bure tangu 2002. Aprili 2005 ruhusa ikafutwa baada ya mgogoro: programa mmoja, Andrew Tridgell, alikuwa ameandika kifaa cha kuongea na seva za BitKeeper bila kupitia programu yenyewe. Linus akaangalia mbadala uliopo, hakuna hata mmoja uliokuwa na kasi aliyoitaka. Akaweka kerneli pembeni. Aprili 3 akaanza kuandika mbadala wake mwenyewe, Git, na Aprili 7 Git ikawa inatunza msimbo wake yenyewe. Kerneli 2.6.12 iliyotoka Juni ilishapitia humo. Nyie mnaoandika "git push" kila siku jioni, mnatumia kazi iliyoanza hivyo.

Lakini mimi kinachonivutia ni kilichofuata. Julai 26 mwaka huohuo akamkabidhi Junio Hamano usimamizi wa Git, akarudi kwenye kerneli. Hamano ndiye mlezi wake tangu hapo. Chombo ambacho leo karibu kila kampuni ya programu inakitumia, mwanzilishi wake alikishika miezi minne hivi akaachia.

2011. Linus alikuwa ameshanogewa na kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa. Mpiga mbizi huvaa kompyuta mkononi inayorekodi kina na muda, na programu za kusomea kumbukumbu hizo zilizokuwepo hazikumpendeza. Mwaka huo seva za kernel.org, tovuti inayohifadhi kerneli, zilidukuliwa zikazimwa kwa muda, kazi ikalegea, naye akatumia nafasi hiyo kuandika Subsurface, programu ya daftari la mbizi. Baada ya hapo msimamizi akawa rafiki yake Dirk Hohndel, anayepiga naye mbizi. Mnaona mtindo? Kinaanza, kinasimama, watu wanaanza kuleta viraka na malalamiko, anakabidhi.

Na sasa pedali. Kwa wasiojua, ni kile kisanduku mpiga gitaa anachokikanyaga jukwaani ili sauti ivunjike, irefuke au ipige mwangwi. Mwanzoni mwa 2025, kwenye tangazo la kawaida kabisa la toleo la majaribio la 6.13, aliandika kwamba sikukuu za mwisho wa mwaka alikuwa akilehemu pedali kutoka kwenye vifurushi vya vipuri, na akajitolea kumtengenezea moja msanidi mmoja wa kerneli atakayepatikana kwa bahati nasibu. Akasema wazi kwamba gitaa hapigi. Baadaye akaanza kuchora saketi zake mwenyewe na kuziweka hadharani, mtu yeyote azione. Januari 2026 akaongeza mradi mwingine wa kuchezea sauti kidijitali, AudioNoise, na humo akasema kile kipande cha kuchora mawimbi, kilichoandikwa kwa lugha ya Python, ameiachia akili mnemba imwandikie, maana Python si fani yake.

Mtu aliyekuwa anasema asilimia 90 ya kelele za akili mnemba ni biashara! Ila si kigeugeu: kwenye msimbo wa kutunzwa miaka mingi anauonya mchezo huo, kwenye kisanduku cha kukanyaga ruksa, kikiharibika hakiangushi seva ya mtu.

#4

Mkuu umeandika vizuri, ila hii ni stori ya mtu mwenye hela. Kupiga mbizi, mashine ya kutembelea ofisini, vifaa vya kulehemu. Huku kwetu programa akitoka kazini anaingia kwenye kazi ya pili, kutengeneza mfumo wa duka la dawa la mtu ambaye malipo yake utayadai mpaka nywele zigeuke mvi. Hobi ya nini hapo?

#5

Naunga mkono namba 4, halafu niongeze ya huku Nairobi. Mimi nafanyia kampuni ya nje nikiwa nyumbani, boss yuko Amerika. Mkutano wa kila siku ni saa nne usiku saa zetu, kwao ni mchana. Mchana wangu niko huru lakini marafiki wako job, usiku wakitoka niko kwa mkutano. Nilijaribu kujiunga na timu ya futiboli ya mtaa, mazoezi ni jioni, nikaachana nayo. Mtu anaposema hobi mimi naona ni usingizi.

#6 (Mleta uzi)

Namba 4, hoja yako ina uzito, sitaikwepa. Linus ana nazo. Alihamia Marekani 1997 kwenda Transmeta, kampuni ya chipu ya California iliyomruhusu kuendelea na Linux akiwa kazini. Red Hat na VA Linux, kampuni zilizojengwa juu ya Linux, walimpa hisa kama shukrani, na kampuni hizo ziliingia soko la hisa 1999, soko likiwa moto. Tangu 2003 analipwa kushughulika na kerneli peke yake. Hakuna anayemdai mfumo wa duka la dawa.

Ila angalia tena mfuatano. Linux aliiandika akiwa mwanafunzi ambaye hata kompyuta hajamaliza kuilipia. Mchezo ulitangulia, hela zikafuata. Na pedali moja ya kujitengenezea ni vipuri vichache: vipinga, vikapasita, transista na boksi la chuma. Mafundi redio wa Kariakoo wana kila kitu hicho mezani. Mbizi ndiyo ghali, hapo nakubali.

Namba 5, la saa nne usiku sina dawa yake. Nakujibu moja tu: yeye hana mikutano ya kila siku. Kerneli nzima inaendeshwa kwa maandishi, kila mtu anajibu kwa saa zake. Kampuni nyingi za nje zimechukua Git yake zikaacha utaratibu wake wa kazi, na kwa maoni yangu utaratibu ndio ulikuwa na thamani kubwa zaidi.

#7

Huko kwao umeme haukatiki, ndiyo maana anatoa toleo kila Jumapili bila kukosa. Mlete hapa wakati wa mgao tuone.

#8 (Mleta uzi)

Mkuu namba 7 umekosea pazuri sana. Februari 2021 dhoruba ya barafu iliangusha nyaya eneo la Portland, akakaa siku sita bila umeme, tena katikati ya dirisha la wiki mbili la 5.12. Alifikiria kuongeza muda, mwishowe hakuongeza: rc1 ilitoka kama kawaida. Januari 2024, dirisha la 6.8, dhoruba nyingine ikamkatia umeme siku kadhaa.

Ila ile rc1 ya 2021 ilikuja kuonekana ina hitilafu mbaya kwenye mafaili ya swap (yale ya diski yanayosaidia kumbukumbu ikijaa), ilikuwa inaweza kukuharibia mfumo wa mafaili. Akaibatiza upya jina la kuonya kwamba isitumiwe. Nadhani hitilafu haikutokana na giza, lakini waliozoea mgao wataielewa.

#9

Kaka, umemsifia vya kutosha, sasa sema na upande wa pili. Mimi ni mwanamke niko kwenye fani hii, na miaka ile nikisoma zile barua zake nilijiambia huko siendi. Alikuwa anamtukana mtu mbele ya dunia nzima kwa sababu ya kiraka. Hayo ni maisha ya kazi pia, au tunahesabu paka tu?

#10 (Mleta uzi)

Dada, ni haki yako kuuliza. Ilikuwa hivyo kweli, na barua zipo mpaka leo, kumbukumbu za orodha ya kerneli hazifutwi. Watetezi wake walikuwa wanasema anawatukana wakubwa tu, wasimamizi waliotakiwa kujua zaidi, si wachanga. Mimi utetezi huo sijawahi kuununua, kwa sababu mchanga anasoma barua ileile na kujihesabia.

Septemba 2018, ndani ya tangazo la 4.19-rc4, aliandika barua ndefu akaomba radhi kwa maneno yake, akasema anakaa pembeni kutafuta msaada wa kujifunza kuelewa hisia za watu. Kipindi hichohicho kerneli ikapata Kanuni za Maadili mpya. Msimamizi mwenzake, Greg Kroah-Hartman, akashika usukani, akatoa 4.19 Oktoba, na Linus akarudi. Ukisoma barua zake za sasa bado ni mkali, anaita kiraka takataka. Mtu mwenyewe hamwiti hivyo kama zamani. Kutosheka na hilo au la ni jambo la kila mmoja, na wewe una sababu zako.

#11

Niingize neno. Si kila mkubwa wa fani hii anaishi kwenye barua pepe. Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliacha barua pepe kabisa kuanzia Januari 1, 1990. Ukimtaka unamwandikia barua ya posta, anaisoma kwa wakati wake. Na hobi yake ni muziki, nyumbani kwake ana kinanda cha mabomba, kile cha makanisani, na tofauti na Linus huyu anakipiga mwenyewe. Kwa hiyo hoja ya mleta uzi kwamba kazi ikikua lazima igeuke kusoma barua, mimi naikataa. Knuth alikataa, na ikawezekana.

#12 (Mleta uzi)

Namba 11, Knuth anaandika vitabu, na kitabu hakina wachangiaji elfu mbili wanaosubiri jibu kabla ya Jumapili. Lakini nakuachia nusu ya pointi: Linus kweli angeweza kuikabidhi kerneli kama alivyokabidhi Git, na hajafanya hivyo. Hapo nadharia yangu ina tundu. Labda anazipenda hizo barua kuliko anavyokiri. Na barua pepe ina deni kwake: alipokuwa akifundisha darasa la kompyuta chuoni, aliwapa wanafunzi zoezi la kumtumia barua pepe. Mmoja, Tove, bingwa wa karate wa Ufini mara sita, akaandika kumwalika watoke pamoja. Ndiye mke wake.

#13

Hiyo ya Tove ndiyo nimeielewa kuliko zote. Mengine nitarudia kusoma.

#14

Habari zenu. Mimi si programa, ni mwongozaji wa wapiga mbizi, niko Nungwi. Ndugu yangu ndiye kanitumia uzi huu kwa sababu ya pale kwenye Subsurface. Nieleze kidogo maana mleta uzi kapita haraka. Ukiwa chini, naitrojeni ya hewa unayovuta inayeyuka mwilini, na kadiri unavyokwenda kina na kukaa muda ndivyo inavyoongezeka. Ukipanda kwa pupa inatoka kama mapovu ndani yako, unaumia vibaya au unakufa. Ndiyo maana tunapanda taratibu, na karibu na juu tunasimama, kawaida dakika tatu kwenye mita tano. Kompyuta ya mkononi inapiga hesabu hiyo muda wote. Kwa hiyo daftari la mbizi si albamu ya picha za likizo, ni rekodi ya usalama wa mtu, na wateja wangu wakiniuliza walivyopanda nataka niwaonyeshe mchoro.

Swali: programu hii inasoma kompyuta za kila kampuni, au ile aliyonayo yeye tu? Na lazima niwe na Linux?

#15 (Mleta uzi)

Mkuu wa Nungwi, karibu sana, umeleta kilichokosekana.

Si lazima Linux. Inafanya kazi kwenye Windows na Mac pia, na ipo ya simu, Android na iPhone, inaitwa Subsurface-mobile. Ni ya bure kabisa. Inasoma kompyuta za kampuni nyingi, nyingine kwa waya wa USB, nyingine kwa Bluetooth, kazi hiyo inafanywa na maktaba inayoitwa libdivecomputer. Ikishavuta rekodi inakuchorea mbizi nzima: kina dhidi ya muda, kasi uliyopandia, pale uliposimama, na joto la maji kama kompyuta yako inalipima. Kwa mwongozaji kama wewe kuna sehemu ya kupanga mbizi kabla ya kushuka pia, lakini hiyo wenyewe wanasisitiza usiitegemee peke yake.

Niambie modeli ya kompyuta yako nikuangalizie kama iko kwenye orodha yao.

#16

Ninazo mbili, ya Suunto ya zamani ambayo waya wake umepotea, na Shearwater ya ofisini.

#17 (Mleta uzi)

Anza na Shearwater, hizo zina Bluetooth na zinasomeka hata kwa simu. Ya Suunto itakubidi utafute waya wa modeli hiyohiyo, waya za Suunto za zamani haziingiliani ovyo. Ukikwama kwenye kuunganisha rudi hapa na picha ya kioo cha simu tuone kosa linasemaje.